Kupiga picha treni za mizigo kwenye reli ndogo za mashambani: mwongozo wa safari ya gari kutoka Scranton hadi Delaware Water Gap

Marekani ina takriban kampuni 600 za reli ndogo, yaani kampuni za njia fupi zinazohudumia wateja wa eneo moja. Nyingi zilizaliwa baada ya sheria ya mwaka 1980 iliyolegeza masharti ya usafiri wa reli, pale kampuni kubwa zilipoanza kuachia matawi yasiyolipa. Watu wengi wanaopenda kupiga picha treni hukimbilia njia kuu, kwa sababu kule kila baada ya muda mfupi kitu kinapita. Mimi nakushauri uende kwenye hizi ndogo. Treni zake ni chache, ila unaziona zikifanya kazi.

Nitaeleza kwa kutumia njia moja ninayoipenda kuliko zote: ya Delaware-Lackawanna, kaskazini-mashariki mwa Pennsylvania. Inatoka Scranton, inapanda milima ya Pocono, kisha inashuka hadi mto Delaware, kwenye pengo la milima liitwalo Delaware Water Gap, kama kilomita 95 hivi. Reli yenyewe ni mali ya mamlaka ya umma ya eneo hilo, na kampuni imekuwa ikiendesha treni tangu 1993. Vichwa vyake vingi vya treni ni vya Alco, kiwanda cha Schenectady, New York, kilichoacha kuunda vichwa mwaka 1969. Wewe uliyekulia karibu na reli ya Kenya au Tanzania, mlio huo utakushtua. Vichwa vya daraja la 88 na la 92 vilivyoletwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilitoka Montreal, kwenye kiwanda ndugu cha Alco, vikiwa na injini za ukoo uleule. Ukisikia ile ngurumo nzito ya kukokota, utadhani uko Voi au Morogoro.

Hatua ya 1: Mtafute mteja kabla ya treni

Usitafute ratiba, kwa kuwa hakuna. Reli ndogo hutuma treni pale mteja anapohitaji behewa, kwa hiyo jiulize nani anapokea mzigo na anapokea nini. Hapa mteja mkubwa ni kinu cha unga kilichopo Pocono Summit. Ngano inafika Scranton kwa mabehewa yenye paa, kisha Delaware-Lackawanna inayapandisha mlimani. Ukishajua hivyo, umejua mengine mengi: mabehewa yaliyojaa yanapanda, matupu yanashuka, na kinu hakiwezi kukaa siku nyingi bila ngano.

Fungua picha za setilaiti, ufuate reli kwa kidole kuanzia yadi, yaani uwanja wa kupangia mabehewa. Tafuta maghala, matangi, vinu, viwanja vya mbao, na kila njia ya pembeni inayoishia kwenye jengo. Mabehewa yenye paa ni nafaka au plastiki ya chembechembe, matangi ni kemikali au gesi, na yale yenye ukuta mmoja katikati ni mbao. Ukifika, tazama kama reli ya pembeni inang'aa au ina kutu. Reli yenye kutu haijapitiwa karibuni, basi usiipotezee asubuhi yako.

Hatua ya 2: Chagua vituo vitatu tu

Hapa ndipo wengi wanapoharibu safari. Wanataka kuikuta treni mahali kumi, halafu wanaishia kupiga picha kumi zinazofanana. Chagua pa kuanzia, pa kupanda na pa kufanyia kazi. Pa kuanzia iwe Scranton, mahali pa wazi ambapo treni inaondoka kuelekea mlimani. Pa kupanda iwe Moscow au Gouldsboro, miji midogo yenye majengo ya stesheni za zamani yanayopendeza pembeni mwa picha. Pa kazi ni Pocono Summit, treni inapoweka mabehewa kinuni. Siku treni ikiendelea kushuka, Cresco nayo ina stesheni ya zamani.

Tembelea vituo hivyo siku moja kabla. Angalia pa kuegesha gari nje kabisa ya lami, nyaya za umeme zinazokatiza picha, na miti iliyokua tangu picha ya setilaiti ilipopigwa.

Hatua ya 3: Soma jua

Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua la utosini saa sita mchana, na tunajua picha ya saa hizo haifai. Pennsylvania iko nyuzi 41 kaskazini. Mwezi Desemba jua la adhuhuri linafikia kama nyuzi 25 tu juu ya upeo, kwa hiyo mwanga ni mzuri kutwa nzima. Mwezi Juni linapanda zaidi ya nyuzi 70, na mchana wake ni mkali kama wa nyumbani.

Treni inayotoka Scranton inaelekea kusini-mashariki. Asubuhi mapema jua huangaza ubavu wake wa kaskazini-mashariki. Kadiri saa zinavyosonga linakuja usoni moja kwa moja, na mchana linahamia ubavu wa kusini-magharibi. Ndiyo maana safari ya asubuhi ya kupanda ndiyo ya kuwania. Lakini njia hii ina kona nyingi, kwa hiyo simama na dira kila mahali ulipochagua.

Hatua ya 4: Simama panapostahili

Reli na kipande cha ardhi pande zake mbili ni mali ya kampuni. Kuingia bila ruhusa ni kosa hata kama hakuna uzio. Kutoka barabarani, kwenye kivuko cha reli au uwanja wa umma, sheria inakuruhusu kupiga picha bila kibali, tofauti na tulivyozoea nyumbani. Mimi hukaa angalau mita nane kutoka kwenye reli, kwa sababu behewa hutokeza karibu mita moja nje ya reli na mikanda inayoning'inia hutokeza zaidi. Usitembee juu ya mataruma hata ukiona magugu yamejaa. Treni ya reli ndogo huja saa yoyote, kutoka upande wowote.

Kila kivuko kina kibao cha bluu chenye namba ya simu ya dharura na namba ya kivuko chenyewe. Kipige picha ukifika. Ukiona gari limekwama relini au taa zimeharibika, utajua pa kupiga simu na jinsi ya kueleza ulipo.

Mtu mweusi mwenye lenzi ndefu kando ya barabara ya kijijini ataulizwa maswali. Egesha panapoonekana, salimia wa kwanza, sema unapiga picha treni, na waonyeshe picha kwenye kamera. Mara nyingi mwenyeji ndiye atakayekuambia treni ilipita jana saa ngapi, na habari hiyo huipati kwingine.

Hatua ya 5: Sikiliza

Redio za upepo za treni Marekani ziko kati ya megahezi 160 na 162. Skana ndogo, yaani redio ya kusikilizia masafa hayo, inatosha. Utasikia wafanyakazi wakihesabu mabehewa wakati wa kurudi nyuma. Hapo ujue hawaondoki upesi. Ukivuka kuingia New York soma kwanza sheria ya jimbo hilo kuhusu redio za ndani ya gari zinazonasa masafa ya polisi.

Honi nayo inasema: ndefu, ndefu, fupi, ndefu, sekunde 15 hadi 20 kabla ya kivuko. Kamera iwe tayari tangu ile ya kwanza.

Hatua ya 6: Moshi na mwendo

Alco hutoa moshi mweusi dereva anapoongeza nguvu, kwa sababu mafuta yanaingia kwenye injini kabla feni ya kusukuma hewa, inayozungushwa na moshi wenyewe, haijashika kasi. Moshi basi haupatikani treni ikishachanganya mwendo. Simama pale inapoanza kuvuta: mlangoni mwa yadi, au kinuni baada ya kuacha mabehewa.

Mwendo ni wa taratibu, kwa hiyo sehemu ya 1/500 ya sekunde inatosha kuigandisha. Kwa picha ya kufuatisha, ambapo treni inabaki wazi na nyuma yake panafifia, shuka hadi 1/30 na uzungushe kiuno pamoja na treni. Taa kubwa ya mbele hudanganya kipimo cha kamera. Pima mwanga kwenye kokoto kabla treni haijafika.

Usishindane nayo kuwahi kivuko. Basi la shule likiwasha taa nyekundu, simama hata kama treni inakupita. Alfajiri na magharibi, kulungu huvuka barabara ghafla.

Hatua ya 7: Baki kinuni

Treni ikifika Pocono Summit, zima gari na utulie. Piga picha mfanyakazi akigeuza njia kwa mkono, akifungua breki ya behewa, akiongea na dereva kwa ishara. Piga ukiwa barabarani, na akikupungia mkono umpungie. Andika tarehe, mahali, namba ya kichwa, mzigo, na herufi zilizo ubavuni mwa mabehewa. Mteja mmoja akifunga, njia kama hii inaweza kung'olewa, na maandishi hayo ndiyo yatakayomwambia mtu wa baadaye kilichokuwa kikipita pale.