Mchezaji wako wa utotoni anakuja kusaini jezi? Jiandae hivi

Kuna siku utasikia mtaani, au utaona kwenye status ya mtu, kwamba yule jamaa ambaye mkigawana majina kabla ya chandimu ulikuwa unagombana ili uitwe jina lake, anakuja mjini kusaini jezi. Moyo utakwenda mbio, utataka kukimbia hivohivo na daftari la mtoto. Subiri kwanza. Mi nimeshakutana na wangu mara mbili, mara ya kwanza nikaharibu, ya pili ikaenda vizuri, na tofauti yote ilikuwa kwenye maandalizi.

Naongelea hasa Tanga maana ndo kwetu, na mashujaa wetu wengi ni wa enzi ambazo kamera zilikuwa za kuhesabu. Coastal Union wamechukua ubingwa wa Bara 1988, mi nilikuwa na miaka tisa, na mechi za ugenini tulizisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, betri zikichoka unazianika juani au unazing'ata kidogo ili mtangazaji afike dakika ya tisini. Televisheni huku Bara imeanza 1994. Sasa fikiria, mtu kacheza mpira wake wote kabla ya hapo, akitaka kumuonyesha mjukuu wake goli alilofunga anamuonyesha nini? Magoli mengi ya wakati ule yamebaki kichwani mwa waliokuwepo uwanjani Mkwakwani, basi. Kwa hiyo kabla hujawaza jezi wala peni, waza hili: mzee wa enzi hizo usimwendee mikono mitupu, mpelekee kumbukumbu yako.

Mara ya kwanza nilimkuta kwenye futari kwa watu, Chumbageni, miaka mingi imepita. Jina lake silitaji hapa, hajaniruhusu, ila alikuwa winga, na kwetu watoto wa Ngamiani alikuwa ndo mpira wenyewe. Nikamshika mkono nikasema "we si ndo yule wa Coastal?" Akasema "ndio." Nikasema "aisee." Akatabasamu, akaendelea na uji wake, imeisha. Nilirudi nyumbani nimeumia kweli, miaka yote ile nilimbeba moyoni halafu nilichompa ni neno "aisee".

Kwa hiyo jambo la kwanza, chagua tukio moja. Moja tu. "Nakukubali sana mzee" ni maneno mazuri lakini kila mtu kwenye foleni atayasema, ya kumi na tano hayasikii tena. We mwambie ulikuwa umekaa wapi, hali ya hewa ilikuwaje, yeye alifanya nini. Yangu ilikuwa hivi: mechi ya jioni, mvua imenyesha mchana, mi niko begani kwa mjomba upande wa mzunguko, wewe ukampita beki pembeni kabisa karibu na kibendera, tope likaturukia, ukapiga krosi na mguu wa kushoto, mjomba akaruka akanisahau kama niko juu yake. Sekunde ishirini imetosha. Jizoeze kuisema kwa sauti nyumbani, muulize kaka yako au jirani mliyekwenda naye kama anaikumbuka hivohivo, maana ukifika mbele yake ulimi unakuwa mzito, mi najua.

Pili, tafuta karatasi. Gazeti la Uhuru au Mzalendo la wakati ule, picha ya timu, hata tiketi. Usianzie mtandaoni, anzia kwenye masanduku ya wazee, chini ya magodoro, ndani ya milango ya makabati. Mjomba wangu alibandika kipande cha gazeti ndani ya mlango wa kabati lake la nguo, timu imesimama wengine wamechuchumaa mbele, kimekuwa rangi ya chai. Usikibandue! Nyingine zimechanika hivohivo. Piga picha na simu mchana, mlango ukiwa wazi, mwanga utoke pembeni na flashi izimwe, halafu kaprinti stesheneri kwenye karatasi nzito kidogo.

Sasa vifaa, na hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wengi wanaharibikiwa hapa.

Jezi ifue kabla ya kusainiwa, sio baada. Jezi mpya ina utelezi fulani wa kiwandani, wino haushiki vizuri. Ifue na sabuni ya kawaida, isuuze sana, usitie zile za kulainisha nguo, ianike kivulini. Siku yenyewe usiivae, ibebe, kitambaa chenye jasho kinatawanya wino, na jua la Tanga unalijua. Ndani ya jezi weka kipande cha boksi gumu, kwanza wino hautapenya kwenda mgongoni, pili mzee anapata sehemu ya kuegemeza mkono. Kitambaa kikilegea sahihi inakuwa kama imeandikwa kwenye daladala, kwa hiyo we shika pembe mbili uvute kidogo wakati anaandika. Jezi za Coastal ni nyekundu na nyeupe, mwambie asaini kwenye nyeupe, maka nyeusi juu ya nyekundu ukikaa mbali huioni.

Maka nunua mwenyewe, zile zisizofutika, ncha ya wastani. Usitegemee peni ya pale. Duka nililokwenda mi walikuwa na maka moja kwa watu wote na ilikauka katikati ya foleni, kuna dada mbele yangu alibaki na nusu ya jina. Kama kitu chako ni cheusi au bluu iliyokoza, tafuta maka ya rangi ya fedha au dhahabu, hizi zinatikiswa, halafu unabonyeza ncha kwenye karatasi ya takataka mpaka rangi ishuke, na hilo ulifanye kabla hujafika mezani sio uanze kumtikisia mzee wa watu puani. Kwenye gazeti halisi usitumie maka kabisa, inapenya mpaka nyuma, tumia peni ya kawaida ya kuandikia. Picha ya kung'aa ni kinyume chake, peni ya kawaida haiandiki, inakwaruza tu, hapo ndo maka, na uiache dakika tano bila kuigusa wala kuibebanisha na kitu. Mpira wa miguu mi siupendi sana kwa kusaini, upepo ukitoka baada ya miezi ngozi inanywea na maandishi yanakunjamana, ila kama ndo unaoutaka chagua kipande cheupe.

Andika jina lako kwa herufi kubwa kwenye karatasi ndogo, tena uishike mkononi. Wazee watakuuliza "nikuandikie nani?" na kwenye kelele Mwanahawa anakuwa Hawa, ukishaandikiwa umeandikiwa.

Siku ya siku nenda mapema, na ujue vipindi vya sala. Kama imetangazwa saa sita mpaka saa tisa, adhuhuri iko mlemle katikati na mzee atainuka, muache ainuke, usimkimbilie njiani anapokwenda kutia udhu. Ukifika zamu yako, salamu kwanza. Shikamoo, usubiri marahaba, ndipo uendelee. Naona vijana wanaanza na simu usoni, "mzee selfi", hata hawajamsalimia. Picha mwachie aliye nyuma yako kwenye foleni, mpe simu ikiwa kamera imeshafunguliwa, nawe umpigie yeye zamu yake ikifika, hivyo nyote mnapata picha yenye miguu na mikono kamili. Kitu cha kusainiwa kimoja, vikizidi viwili. Ukija na fuko la jezi nane kila mtu anajua unakwenda kuziuza, na yeye pia anajua.

Kama una mtoto mwende naye, lakini mweleze nyumbani huyu ni nani. Mtoto aliyeambiwa "sema shikamoo kwa babu" anasema anakwenda zake, ila aliyesimuliwa atauliza swali, na wazee wanapenda maswali ya watoto kuliko yetu.

Staa wa sasa hivi ni habari nyingine. Tuseme Hassan Mwakinyo, bondia wetu wa Tanga aliyemsimamisha Sam Eggington kulekule Birmingham, Septemba 2018, raundi ya pili tu, au Mbwana Samatta aliyefunga Wembley Machi 2020 akiwa na Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Hapo kuna walinzi, kuna watu mia, una sekunde tano. Sema sentensi moja, kitu kiwe wazi, maka iwe haina kifuniko, asante, pita. Usimlaumu asipokutazama, mkono wake umeshaandika jina moja mara mia mbili.

Kuna jambo la hela na naliandika kwa heshima. Wengi wa wazee wetu mpira haukuwaachia kitu. Ukiona hali, na una nafasi, mkumbuke. Ila sio mezani mbele ya watu, wala sio kwa kumpiga picha anapopokea, ukaiposti na maneno ya huruma, hiyo inamvua nguo mtu mzima. Kunja noti ndogo mkononi, wakati wa kuagana shikaneni mikono, sema "ya kahawa mzee," ondoka. Na kama kumbukumbu zimeanza kumtoka, usimfanyie mtihani wa "unanikumbuka? unaikumbuka ile mechi?" We msimulie tu, umuache apokee.

Ya kwangu ya pili ilikuwa hivi. Duka la jezi, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki, feni inapuliza upande. Nikasema shikamoo, akasema "marahaba mgosi." Nikamsimulia krosi yangu ya mvua, kibendera, tope, mjomba. Akaacha kuandika. Akanitazama muda, akasema, "Haikuwa kushoto. Kushoto nilikuwa nimefunga bendeji siku ile, nilipiga na kulia, nje ya mguu, ndo maana ikapinda." Akanionyesha na mkono wake juu ya meza, namna ulivyopinda. Miaka yote nilikuwa naiona vibaya kichwani, akaninyooshea mwenyewe! Watu nyuma wakanyamaza wanasikiliza, hakuna aliyelalamika foleni.

Nikatoa ile picha ya kabatini. Hakuwa na miwani, akaisogeza mbali na macho mpaka mkono ukanyooka, akaanza kuwapitia na kichwa cha maka, bila kugusa karatasi, mmoja mmoja, huyu yuko Dar, huyu marehemu, huyu marehemu, huyu mimi. Halafu akasaini, polepole, majina yote matatu, kwa mwandiko wa kuunganisha kama tulivyofundishwa shule ya msingi, akaweka na nukta mwishoni.

Ukirudi nyumbani: usifue tena, usipige pasi juu ya maandishi, usi-laminate, joto linaharibu picha. Fremu iwe na kipande cha boksi pembeni ili kioo kisigusane na wino, maana unyevu wa bahari unafanya vishikane, na usitundike panapopigwa na jua la asubuhi. Jezi ikunje na karatasi nyeupe katikati, iweke kwenye shuka la pamba badala ya mfuko wa nailoni, utie na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu.

Na zile kopi za picha, printi tatu. Mi nilikwenda na mbili, moja asaini, moja nimwachie. Alipoipokea ya kwake akaikunja mara moja akaitia mfuko wa shati, halafu akauliza kama ninayo nyingine, mtoto wa yule kipa marehemu wa pichani anakaa Makorora, hajawahi kumuona baba yake amevaa jezi. Ilibidi nirudi stesheneri, nikakuta wameshafunga, nikampelekea kesho yake asubuhi.