Jinsi ya kuagiza samaki mzima kwenye mgahawa wa hadhi bila kushtushwa na bili

Juzi mdogo wangu alinipigia simu usiku. Kesho yake alikuwa anawapeleka wageni wanne wa kazini kwenye mgahawa mkubwa wa vyakula vya baharini, yeye ndiye mwenyeji, na hajawahi kukanyaga mahali kama hapo. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Weka nafasi kwa simu

Programu za kuweka nafasi zipo, lakini mimi bado napiga simu, maana nataka kuuliza leo wana samaki gani wazima, na nataka kutaja mzio. Hili la mzio usilisubirishe hadi mezani. Protini inayowadhuru wengi wenye mzio wa kamba na kaa haiharibiwi na moto, kwa hiyo chakula kuiva vizuri hakumwokoi mtu. Hata viazi vikikaangwa kwenye mafuta yaliyotumika kukaangia kamba vinaweza kumletea shida. Jikoni wakijua mapema watatenga vyombo na mafuta.

Hatua ya 2: Fika kwa wakati, umevaa nadhifu

Hatua ya 3: Mwangalie samaki mwenyewe

Migahawa mingi ya aina hii hupanga samaki juu ya barafu, au humleta kwenye sinia ukiomba. Omba. Macho yawe maangavu na yamejaa, yasiwe yamezama wala kufanya ukungu. Mashavu yakifunuliwa, ndani pawe pekundu. Harufu iwe ya bahari tu. Huhitaji kumgusa, mhudumu anayejua kazi yake atakufunulia shavu bila kununa.

Hatua ya 4: Uliza uzito na bei kabla samaki hajaenda motoni

Hapa ndipo nilipoumia. Miaka kadhaa iliyopita niliona kwenye menyu bei ya samaki mzima, nikaona ni ya kawaida kabisa, nikaagiza kwa ajili ya watu watatu. Bili ilipokuja, samaki yule peke yake alizidi vyakula vingine vyote vya meza ile. Chini ya jina lake, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba bei ni ya gramu 100. Samaki alikuwa na kilo 1.6, kwa hiyo bei niliyoiona ilizidishwa mara 16. Nilibishana na meneja karibu saa nzima huku wenzangu wakitazama meza, na mwisho nililipa, kwa sababu maandishi yalikuwepo.

Kwa hiyo, samaki akishachaguliwa, sema hivi: "Naomba mpime, kisha uniambie uzito na jumla ya bei yake." Jumla, si bei ya gramu 100. Mhudumu akirudi na namba, iandike kwenye simu yako. Menyu ikisema "bei ya siku" bila namba yoyote, uliza vilevile. Hiyo ni kawaida kwa kambakochi, kaa na samaki wazima, maana bei yao hupanda na kushuka kulingana na kilichovuliwa.

Kuna mambo mengine ya uzito. Kwa kawaida samaki hupimwa akiwa mbichi, na mara nyingi kabla ya kutolewa matumbo, kwa hiyo unalipia kichwa na miiba pia. Mnofu utakaoliwa ni kama nusu ya uzito ule. Mimi hukadiria gramu 400 hadi 500 za samaki mbichi kwa kila mtu. Kwa watu watano, samaki wawili wa wastani ni bora kuliko jitu moja, kwa sababu jitu huungua mkiani kabla ya mgongo kuiva. Uliza pia kama kuchoma na vyakula vya pembeni vimo kwenye bei hiyo. Na kama unalipa wewe, yamalize haya kabla wageni hawajakaa. Mdogo wangu alifika dakika 20 mapema kwa ajili ya jambo hili tu.

Kuhusu mapishi sina mjadala: samaki mbichi kweli achomwe mzima, chumvi, limau, mafuta kidogo. Sosi nzito ya krimu humfunika.

Hatua ya 5: Chaza, kama mnataka

Huletwa mbichi juu ya barafu. Legeza nyama kwa uma mdogo, tone la limau, kisha inua gamba na umeze pamoja na maji yake. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa ini wasile chaza wabichi. Limau na pilipili haviui vijidudu.

Hatua ya 6: Kumfungua samaki mezani

Mhudumu anaweza kukufanyia, lakini jifunze. Pitisha kisu kwenye mstari wa katikati ya ubavu, kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, mpaka uguse uti wa mgongo. Sukuma mnofu wa juu upande wa mgongoni, kisha wa tumboni. Ukiiva vizuri unaachia wenyewe. Usimgeuze samaki. Shika mkia, inua taratibu, na uti wote utatoka pamoja na kichwa, ukiacha mnofu wa chini sahanini. Pekua kandokando ya mapezi, ndiko miiba midogo hubaki. Kisha chukua kijiko, chimbua kipande cha mviringo kilicho chini ya jicho, shavuni, umpe mgeni wako mkubwa. Hakuna mnofu laini kuliko huo.

Hatua ya 7: Bili

Linganisha uzito ulioandikwa na namba iliyo kwenye simu yako. Angalia kama malipo ya huduma yameshajumlishwa kabla ya kuacha bakshishi.