Kupima nguvu ya uzi unaoyeyuka, ndugu wa viraka vya moyo

Vicryl, ule uzi wa zambarau wa kushonea ndani ya mwili, ni poliglaktini 910, polima (minyororo mirefu ya molekuli) ya sehemu 90 za glaikolidi kwa 10 za laktidi. Wavu wa polima hiyohiyo umeshajaribiwa kama kiraka cha kubeba seli juu ya moyo ulioumia. Na nguvu ya uzi huu, hata hapa Kigoma unaweza kuipima shuleni bila maabara ya mamilioni.

Hatua ya 1. Omba chumba cha upasuaji pakiti za Vicryl 2-0 (namba ya unene wa uzi) zilizopita muda na ambazo hazijafunguliwa. Uzi uliokwisha kutumika usiuguse. Sindano kata, tupa kwenye boksi la sindano papo hapo. Omba na nailoni ya unene uleule ya kulinganishia. Katigati, uzi wa utumbo wa mnyama, achana nayo: ni protini, mwilini humeng'enywa na vimeng'enya, na maji ya chumvi peke yake yatakupa majibu ya uongo.

Hatua ya 2. Kata vipande vya sentimita 25, vitatu kwa kila wiki, kuanzia siku ya kwanza hadi wiki ya nne.

Hatua ya 3. Loweka kwenye maji ya dripu ya chumvi, asilimia 0.9, kwa nyuzijoto 37. Umeme ukikatika, hamishia kwenye chupa ya chai. Usitegemee joto la chumba. Kigoma kuna joto, lakini si la mwili. Badilisha maji kila wiki, maana minyororo ya polima ikikatwa na maji hutoa asidi, na asidi ikijaa huharakisha ukatikaji.

Hatua ya 4 ndiyo kazi yenyewe. Pima uzi ukiwa umelowa. Usifunge fundo, kwani utakatikia hapohapo na utakuwa umepima fundo. Zungushia kila ncha mara kadhaa kwenye chuma laini cha mviringo, kisha ibane. Chuma cha juu kifunge imara, cha chini kibebe ndoo. Mimina maji polepole hadi uzi ukatike, halafu pima ndoo kwa mizani ya kuning'iniza, kama ya wauza dagaa wa Kibirizi. Andika vipimo vyote vitatu, si wastani tu.

Hatua ya 5. Chora grafu. Mwilini, Vicryl hubaki na nguvu ya takribani asilimia 75 wiki ya 2, 50 wiki ya 3 na 25 wiki ya 4. Namba zako zitatofautiana, ila mteremko utauona, na nailoni itabaki ilipo. Uangalie vizuri uzi wa wiki ya tatu: kwa macho ni mzima kabisa, ndoo ndiyo inayoufichua. Nguvu hutangulia kuondoka. Uzi wenyewe huisha mwilini kati ya siku ya 56 na 70.

Kwenye moyo unaopiga kama mara 100,000 kwa siku, kiraka kuishiwa nguvu mapema hivyo ni hatari, maana kovu jipya huhitaji wiki kadhaa kukomaa. Polikaprolaktoni, polima nyingine inayoyeyuka, hudumu hata miaka miwili, lakini ni ngumu mno kwa msuli. Mwaka 2002 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza poligliseroli sebasati, polima inayovutika kama mpira. Hiyo usiijaribu shuleni: huiva kwa nyuzijoto 120 chini ya pampu ya kunyonya hewa.