Mtoto anasomea nyumbani Malindi na kashawapita wenzake, masomo ya kiwango chake umtafutie wapi?

Kwanza angalia alipofika, sio umri. Mpe mitihani ya madarasa ya juu somo moja moja, manake anaweza kuwa mbali sana kwenye hesabu na insha yuko sawa tu na wenzake. Hesabu aanze na Khan Academy, tovuti ya masomo, ni bure, akizoea mpe Alcumus, mazoezi ya hesabu ya mtandaoni ya Art of Problem Solving, maswali yake yanapanda ugumu kadri anavyopata, mi naiona bora kuliko tyusheni ya kukariri.

IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari, haina umri wa chini kwahivo anaweza kufanya hata somo moja kama mtahiniwa wa binafsi, ulizeni British Council mapema, ada si ndogo.

Lakini jamani msimfungie kwa simu tu! Kilifi hapo kuna Chuo Kikuu cha Pwani na kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, waandikieni, na barua iwe na maswali ya mtoto mwenyewe, sio sifa zake. Akipenda anga mwanzishie Ngomeni, hapo karibu na Malindi, 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei (X-ray) za angani, aitafute ilipima nini na vipi. Na chuo (madrasa) bado umpeleke, wenzake wa kucheza nao wako huko.