Pima prosesa kabla ya kununua kadi kubwa ya grafiki

Kwa sisi wa Lubumbashi, kadi ya grafiki ya daraja la juu, yaani kifaa cha kompyuta kinachochora picha za mchezo, mara nyingi huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa dola, na kuirudisha ni kazi ngumu. Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, fungua mchezo unaoupenda kwa kadi uliyo nayo, ushushe ukubwa wa picha kutoka pikseli (nukta za picha) 1920×1080 hadi 1280×720, kisha utazame fremu kwa sekunde (idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde) mahali pale pale pa mchezo, hasa penye watu na magari mengi. Zikipanda sana, kadi ndiyo inayokuzuia. Zikibaki karibu zile zile, prosesa, yaani kifaa kinachofanya hesabu za kompyuta, ndiyo iliyoelemewa, kwa sababu kupunguza pikseli huipunguzia kazi kadi huku hesabu za prosesa zikibaki karibu vile vile. Hapo hata RTX 4090, kadi kubwa ya Nvidia yenye kumbukumbu ya GB 24 na inayoweza kula wati 450, itakaa ikisubiri. Kipimo hiki hudanganya iwapo mchezo umewekewa kikomo cha fremu 60, basi kiondoe kwanza. Tena hakimtoshi anayekusudia kuhamia skrini ya 4K, kwani pikseli zake ni mara nne ya 1920×1080, na mzigo huo huiangukia kadi.