Mishipa ya Miguu Iliyotokeza: Namna ya Kuyatambua Madhara Yake Kabla ya Kidonda

Mtu mwenye mishipa iliyotokeza miguuni, ile inayojipinda kama mizizi chini ya ngozi ya shavu la mguu na nyuma ya goti, kwa kawaida huenda kwa daktari kwa sababu ya sura yake, au haendi kabisa kwa kuwa haimuumi. Anayetaka kujua kama mishipa hiyo inamdhuru asiitazame yenyewe kwanza. Atazame upande wa ndani wa mguu, kiasi cha kiganja kimoja juu ya kifundo, kwa maana madhara huanzia hapo hata kama uvimbe wenyewe uko pajani.

Sababu ni uzito wa damu. Mishipa hiyo ni vena, nazo huirudisha damu kwenye moyo kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu inayoisukuma, na vali zilizomo ndani yake huizuia isirudi chini. Mtu mzima akisimama bila kujongea, shinikizo katika vena za kifundo hufika karibu milimita 90 za zebaki. Akitembea, kama vali zake ni nzima, hushuka chini ya 30. Vali zikilegea, shinikizo halishuki inavyopasa, na ngozi ya kifundo hubeba mzigo huo mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana mama lishe, kinyozi, mwalimu na mlinzi wa getini, ambao husimama kutwa, hulalamika kuwa miguu inakuwa mizito jioni.

Ukaguzi ufanywe jioni, penye mwanga mzuri. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo kwa sekunde 10 hivi, kisha uachie: shimo likibaki, kuna maji yaliyojikusanya. Alama ya lastiki ya soksi iliyozama kwenye ngozi hueleza jambo hilohilo. Halafu linganisha rangi ya miguu yote miwili. Kwenye ngozi nyeusi badiliko huonekana kama weusi uliokolea kuliko sehemu nyingine, na hutokana na chembe nyekundu za damu zinazovuja na kuacha madini ya chuma chini ya ngozi. Ngozi hiyo huwasha na kubabuka, na wengi huipaka dawa ya fangasi kwa miezi mingi wakati ule ni ukurutu wa vena. Baadaye hukakamaa, mguu ukawa mwembamba kifundoni na mpana juu, mithili ya chupa iliyopinduliwa. Katika mpangilio wa madaktari uliotungwa mwaka 1994, unaoanzia C0 hadi C6, mabadiliko haya ya ngozi ni C4, kidonda kilichopona ni C5 na kilicho wazi ni C6. Kwa maoni yangu, aliyefika C4 hana sababu ya kungoja, hata kama haumwi popote.

Anayengoja mara nyingi huja kuanza na jeraha dogo, pengine la kujikuna au kugongwa na kigoda, ambalo halifungi. Wiki zikipita huitwa donda ndugu, na wapo watakaosema mgonjwa amekanyaga kitu cha uchawi. Kufungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake hakuponyi, kwa kuwa chanzo si vijidudu bali shinikizo. Kidonda hiki hupona kwa bendeji ya kubana, inayofungwa kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, ikibana zaidi kifundoni na kulegea kadiri inavyopanda. Kabla ya kufungwa ni lazima mhudumu apime mtiririko wa ateri, yaani mishipa inayoleta damu mguuni: shinikizo lake la kifundoni likiwa chini ya asilimia 80 ya lile la mkononi, kubana kwa nguvu kunaweza kuua nyama ya mguu, na wenye kisukari wahadhari zaidi. Tena si kila kidonda cha kifundo ni cha vena, kwani selimundu nayo huleta vidonda palepale. Kilichodumu miaka mingi na kuanza kuota kingo nene hukatwa kipande kikapimwe saratani.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 450 waliokuwa wakifungwa bendeji, ulionyesha kwamba nusu ya waliotibiwa mshipa mapema walipona ndani ya siku 56, na waliocheleweshewa siku 82.

Hatari ya ghafla ni kutoka damu. Mshipa uliokaribiana na ngozi nyembamba hupasuka hata bafuni, bila maumivu, na damu hutiririka kwa wingi. Mgonjwa alale chini papo hapo, mguu uinuliwe juu ya moyo, na kitambaa safi kikandamizwe juu ya tundu kwa dakika 10 bila kuchungulia. Asikalishwe kitini, wala mguu usifungwe kamba juu ya jeraha, kwa maana kamba huzuia damu kupanda na kuiongeza inayotoka. Damu ikikatika, aende hospitali siku hiyohiyo.

Damu nayo inaweza kuganda. Mshipa ulio karibu na ngozi ukigeuka kamba ngumu, yenye joto na maumivu, unahitaji ultrasaundi, hasa ukipanda kuelekea kinena. Mguu mmoja ukivimba ghafla wote na kuuma, au pumzi ikakatika na kifua kuchoma, hiyo ni dharura ya usiku na mchana. Mguu wa namna hiyo usikandwe kwa mafuta wala maji ya moto, na mshipa wowote uliotokeza usichanjwe chale.

Nyumbani, kuweka mguu juu ya kigoda hakutoshi. Kifundo kinapaswa kupita usawa wa moyo, mara tatu au nne kwa siku. Usiku, tofali moja chini ya kila mguu wa kitanda upande wa miguuni hufanya kazi hiyo. Wajawazito wasiwe na haraka ya upasuaji, kwa kuwa mishipa yao mingi hunywea miezi kadhaa baada ya kujifungua. Wengine waombe rufaa ya kupimwa kwa ultrasaundi ya Dopla, inayoonyesha vali iliyoharibika, ndipo daktari achague kuuziba mshipa kwa joto, kuuchoma sindano ya povu au kuutoa. Siku ya kwenda vaa nguo inayopandishwa kwa urahisi hadi kinenani, na umwombe akukague ukiwa umesimama, kwa maana ukilala kitandani mishipa hiyo hunywea na huenda asiione.