Kabla hujawasha kiberiti shambani

Kuanzia Julai hadi Septemba, ukipita Mbozi, Mufindi au vijiji vya Songea utaona moshi kila upande. Mahindi yameshaingia ghalani, mabua yamebaki shambani, na mwenye shamba anataka kulima bila kuhangaika na takataka. Moto unamaliza kazi mara moja, na panya wanakimbia. Ndiyo maana ushauri wa "usichome" haumwingii mtu kama hajaonyeshwa anachopoteza.

Tupige hesabu. Magunia kumi ya mahindi, yaani tani moja ya punje, huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni, kilo 3 za fosforasi na kilo 4 za potasiamu. Hizo kilo 15 ni karibu theluthi mbili ya naitrojeni iliyomo kwenye mfuko wa kilo 50 wa urea. Punje zimeliwa au zimeuzwa, hatuna ugomvi nazo. Mabua yaliyobaki yana nusu hivi ya kiasi hicho cha naitrojeni, na potasiamu yake inaizidi ya punje mara tatu au zaidi. Ukiyachoma, sehemu kubwa ya naitrojeni na salfa inaondoka na moshi. Potasiamu na fosforasi hubaki kwenye majivu, lakini upepo na mvua ya kwanza huyasomba mpaka kwa jirani wa bondeni.

Jua halitudai kitu. Kila msimu linaleta nguvu mpya, na jani la mahindi linaikamata na kuiweka kwenye punje na bua. Virutubisho havina mgeni wa kuvileta kila siku: ni vilevile vinavyozunguka, udongoni kwenda kwenye mmea, kwenye mfugo, na kurudi udongoni. Nguvu iliyofungwa ndani ya bua ndiyo chakula cha mchwa, minyoo, kuvu na bakteria, na wakila ndipo wanaviachia virutubisho hivyo. Udongo wenye uhai huo pia una vitundu vidogo vidogo, hivyo mvua inazama badala ya kutiririka.

Naitrojeni ina mlango wa pili. Hewa tunayovuta ni asilimia 78 naitrojeni, ila mahindi hayawezi kuitumia ikiwa hivyo. Maharage, soya, kunde na mbaazi wanaweza, kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Hakikisha mwenyewe: mimea ikianza kutoa maua, chimbua mmoja kwa jembe (ukiuvuta kwa mkono vinundu vinakatikia ardhini), osha mizizi taratibu, kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au wekundu, kazi inafanyika. Kukiwa kweupe au kijani, hakuna kinachoingia. Kama ni soya, msimu ujao changanya mbegu na chanjo, yaani bakteria hao wa vinundu walioandaliwa, kabla ya kupanda. Ukivuna, kata mashina na uache mizizi ardhini, na makapi yarudi shambani.

Fosforasi haina mlango huo wa hewani. Ikitoka, imetoka, mpaka uilete. Mbolea ya Minjingu kutoka Manyara inatokana na mwamba uliojengwa na vinyesi na mabaki ya ndege waliokula samaki wa ziwa la kale. Mzunguko wa namna hiyo unachukua muda mrefu mno. Huwezi kuungojea kwa ajili ya msimu wa Novemba.

Sasa mabua tuyafanye nini? Mwenye ng'ombe wa zizini asifikirie mara mbili: katakata mabua, yatandaze kama matandiko. Mkojo wa ng'ombe una naitrojeni na potasiamu nyingi, na kwa kawaida unapotelea sakafuni. Mabua yanaunyonya. Matandiko yakilowa, yalundike kwenye kivuli na uyafunike kwa majani au turubai. Ukisikia harufu kali inayowasha macho, hiyo ni naitrojeni inatoroka kama amonia. Ongeza mabua makavu na ufunike vizuri.

Asiye na mifugo ayalaze kati ya mistari. Yanapunguza jua linalokausha udongo na kuvunja kishindo cha matone ya mvua. Kosa la kuepuka ni kufukia mabua makavu wiki ya kupanda: bakteria wanaoyaozesha huchukua naitrojeni ya udongo kwanza, na mahindi machanga yanageuka njano. Kama lazima ufukie, fanya mapema baada ya mavuno, wakati udongo bado una unyevu. Penye alizeti pori kando ya njia, kata majani yake mabichi uyachanganye kwenye lundo la mboji. Yana naitrojeni nyingi na yanaharakisha kuoza.

Kama wafugaji huingiza mifugo baada ya mavuno, elewaneni boma lao la muda liwe ndani ya shamba lako na lihamishwe kila baada ya siku chache. Ng'ombe anayekula kwako na kulala kwingine anahamisha mbolea yako.

Moto una mahali pake. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, king'olewe kabla hakijatoa mbegu, na kilichokwisha kuchanua kichomwe pembeni, juu ya ardhi iliyosafishwa, siyo katikati ya mabua.